Picha Isiyo na pa Kukatia

Mtaani walimwita Pembe Nne, na wa kwanza kumwita hivyo hakuwa anamsifu. Alikuwa mteja aliyemtaka amwondoe shemeji yake kwenye picha ya mahafali, kisa shemeji alifumba macho. Mpiga picha akamtazama juu ya miwani, akamwambia, "Picha ina pembe nne, na zote nne nimezipiga mimi. Kufumba macho si kosa la jinai." Mteja akatoka akilalamika hadi kwa fundi viatu wa mlango wa pili, fundi viatu akacheka, na jina likashika hapo hapo.

Studio yake ilibanwa kati ya fundi viatu huyo na duka la dawa, nyembamba kama korido. Mbele palikuwa na kaunta ya kioo iliyozibwa ufa kwa utepe. Nyuma pazia la buluu, stuli ya kuzunguka iliyokwisha kukataa kuzunguka, na taa yenye mwavuli mweupe ambayo kila mtoto mchanga aliitolea macho. Kompyuta ilikaa pembeni, mahali ambapo mteja na mwenye studio waliweza kuangalia kioo kimoja bila kusukumana. Na lilikuwapo dirisha linalotazama barabarani, ambamo alitundika picha kubwa za watu walioridhia kuonwa. Kupata nafasi dirishani kwa Pembe Nne ilikuwa heshima. Walikuwapo waliojifanya wanakwenda duka la dawa, kumbe wanakwenda kujitazama.

Asije mtu akadhani mwanamke huyu hakukata picha. Alikata kutwa. Picha za pasipoti ni kukata tu, hazina kingine. Alikata pipa la taka lililojipenyeza nyuma ya maharusi, alikata mguu wa nyuma wa mbuzi aliyekuwa na safari zake, alikata dole gumba la mtu aliyeshika simu vibaya. Alikuwa na kipimo chake, nacho ni swali moja: nikikiondoa hiki, yuko atakayeuliza kimekwenda wapi? Pipa la taka halina wa kuliulizia. Binadamu anaye, hata awe mbaya namna gani, na ndiyo maana binadamu hakumkata mpaka mwenyewe aje aseme kwa kinywa chake, "Nitoe."

Tena alikuwa na desturi ya kupiga kwa nafasi. Alisimama hatua kadhaa nyuma ya pale ambapo mpiga picha mwingine angesimama, akaacha hewa juu ya vichwa na ubavuni mwa mabega, vile mshonaji mwenye akili anavyoacha akiba ndani ya pindo. Wateja walinung'unika: "Mbona umetuweka mbali hivi, kwani tunanuka?" Naye huwajibu, "Nguo yenye akiba huachiwa, isiyo na akiba huchanika." Na picha ya asili, ile iliyotoka kwenye kamera, haikuguswa kamwe. Iliyokatwa ilikuwa nakala. Ya asili ilikaa kwenye kompyuta yake na watu wake wote, wabaya kwa wema, waliofumba macho na waliotoa ulimi.

Simu zilipoingia mikononi mwa kila mtu, ulimwengu mzima ukageuka kuwa mkasi. Binti mmoja alimletea picha akitaka aisafishe. Alikuwa amekwisha kumkata mchumba aliyemwacha, ila amekata kwa hasira, na begani kwake limebaki sikio.

"Hili sikio la nani?" Pembe Nne aliuliza.

"La zamani," binti akasema.

"Basi semeni polepole. Linawasikia."

Watu walicheka, naye alicheka nao, lakini kulikuwa na kitu chini ya kicheko chake ambacho hakukiweka juu ya kaunta. Sebuleni kwao, pale alipokulia na alipoishi bado na mama yake, ilitundikwa picha ya mama akiwa kijana, ameketi kwenye kiti cha mbao. Kulia kwake amesimama mtoto wa kiume mwenye soksi zilizovutwa hadi magotini. Kushoto, mtoto mchanga ananing'inia nusu nje ya paja la mama, ameshikwa chini ya kwapa na mkono wa mwanamume. Mkono tu. Kifundo, mkunjo wa shati, kifungo kimoja, kucha zilizokatwa vizuri. Hapo picha inaishia kwa mstari uliopinda kidogo, maana mama alitumia mkasi wa jikoni.

Mtoto mchanga alikuwa yeye. Mkono ulikuwa wa baba, aliyeondoka asubuhi moja na begi lake na hakurudi kuchukua hata viatu vyake vya pili. Pembe Nne alimjua baba yake kwa vidole. Utotoni alikuwa akitembea njiani anaangalia mikono ya wanaume, na wanaume wenye kucha safi walimtia kiwewe. Kaka yake, yule wa soksi ndefu, alikuwa mkubwa wa kutosha kuukumbuka uso, lakini kila alipoulizwa alijibu, "Alikuwa mrefu," kana kwamba anaelezea nguzo ya umeme. Jambo hilo lilimuuma tangu akiwa na meno ya utoto, na halikuacha kumuuma alipoota mvi.

Kaka huyo mtaani walimwita Mheshimiwa. Hakuwahi kugombea chochote. Aliitwa hivyo tangu shuleni kwa sababu hakuweza kuomba chumvi bila kusimama na kuanza na "ningependa kusema." Alikuwa mkandarasi, anajenga nyumba za watu, na mke wake wa kwanza alikuwa Msusi, mwenye saluni ya vioo viwili karibu na kituo. Ndoa ilikwisha kama zinavyokwisha nyingine. Hapakuwa na jambo la kusimulia, ila maneno mengi na milango iliyofungwa kwa kishindo. Mheshimiwa akaoa tena, mwanamke mpole wa kufanya kazi ofisini, naye Msusi akabaki na saluni yake.

Kisha mama akaanguka uani, akavunjika nyonga.

Hapo ndipo watu hujulikana. Mheshimiwa alileta kitanda kizuri, cha kuinuka kichwa, akapiga simu kila jioni kuuliza kinaendeleaje, utadhani kitanda ndicho kilichovunjika. Pembe Nne alimshughulikia mama usiku, na mchana studio ilimtaka. Msusi hakuitwa na mtu. Alitokea tu asubuhi moja kabla ya kufungua saluni, akavua viatu mlangoni, akakunja mikono ya blauzi. Mama akamwambia, "Mwanangu, wewe huna deni na nyumba hii." Akajibu, "Nimeachana na mwanao, Mama. Wewe sijaachana nawe." Akamgeuza, akamwosha, akambadilishia shuka. Na kesho yake akaja tena, na keshokutwa, mpaka majirani wakazoea kuona viatu vyake pale mlangoni kama sehemu ya ngazi.

Siku mama alipotembea kutoka kitandani hadi mlango wa mbele bila mtu kumshika, walimweka kwenye kigoda kibarazani apate jua. Msusi akasimama nyuma yake na chanuo. Nywele za mama zilikuwa zimebaki za kuhesabika, nyeupe, laini kama pamba iliyoachwa mtini.

"Unanisuka mtindo gani?" mama aliuliza.

"Kusuka? Mama, hapa hakuna kusuka tena. Hapa ni kuzipa majina tu."

Mama akacheka. Na si kule kucheka kwake kwa adabu, mdomo umefumbwa, mabega yanatikisika. Alicheka akarudisha kichwa nyuma, akaonyesha mapengo yote aliyoyaficha kwa miaka, akaushika mkono wa Msusi uliokuwa begani kwake, uliofumbata lile chanuo, na kumwangalia kwa macho yenye machozi. Pembe Nne alikuwa ndio anatoka kwenda kazini, kamera shingoni. Alipiga mara moja tu. Hakuhitaji kuangalia alichopata. Alijua.

Picha hiyo aliituma mwenyewe kwa kaka yake, kwa furaha, bila kuwaza. Mheshimiwa alikuwa anamalizia nyumba yake mpya, na alitaka ukuta wa sebuleni, ule unaotazamana na mlango, uwe wa mama. Akaja studio na vumbi la saruji kwenye viatu.

"Mdogo wangu, ningependa kusema kwamba picha hii ni ya pekee. Nataka kubwa. Ukuta mzima."

"Utaipata."

"Ila huyu," akagusa kioo kwa kidole, "huyu umtoe."

Pembe Nne akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Huyu ana jina. Uliishi nalo."

"Usianze. Jiweke mahali pangu. Nitamtundikaje mtalaka wangu ukutani, na mke wangu anapita hapo kila asubuhi akienda kazini? Hiyo ni haki?"

Na hapo, tuseme kweli, alikuwa na neno. Hata Pembe Nne aliliona. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kunywa chai akitazamwa na ndoa iliyomshinda. Kwa hiyo hakumjibu kwa hasira. Alitoa nakala ya picha, akaiweka kwenye kioo, akainuka kitini.

"Keti. Kipanya hicho. Kata mwenyewe."

Mheshimiwa akaketi. Akavuta ukingo wa kushoto ukameza bega la Msusi, ukameza uso. Akaangalia. Begani kwa mama pamebaki vidole na chanuo, vimetoka hewani.

"Sogea zaidi," dada yake akamwambia.

Akasogea. Vidole vikaenda, na pamoja navyo ukaenda mkono wa mama, maana ulikuwa umevishika. Sasa mama alikuwa na bega lililopanda juu bila sababu. Akabana tena, akaacha uso mtupu. Nao uso, ukiwa umebanwa hivyo, ulianza kuvunjika vunjika, mashavu yakawa vigae vidogo vidogo. Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Baya zaidi ni kwamba mama sasa alikuwa ameangalia juu, pembeni, kusiko na mtu, mdomo wazi, machozi machoni. Mtu asiyejua angesema mwanamke huyu amerukwa na akili.

Mheshimiwa akaachia kipanya. "Kwa nini isikatike vizuri?"

"Kwa sababu anachekeshwa, Kaka. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Unataka kicheko, humtaka aliyekiunda."

"Basi mpige nyingine."

Alimpiga. Isije ikasemwa kwamba hakujaribu. Alikwenda nyumbani siku hiyo hiyo na taa yake na mwavuli, akamketisha mama kibarazani palepale. Mheshimiwa akasimama nyuma ya kamera akisema vichekesho vya mkandarasi, ambavyo vyote huishia kwa nondo au saruji. Mama akakaa kama anasubiri kuitwa na daktari. Kila picha ilifaa kubandikwa kwenye kitambulisho. Mwisho mama akasema, "Mwanangu, nyonga inaniuma, na wewe hunichekeshi," akainuka akaingia ndani.

Walibaki wawili kibarazani. Mheshimiwa akashusha sauti.

"Huo ukaidi wako si wa Msusi. Ni wa ile picha ya sebuleni. Mama alimkata baba, na hujawahi kumwambia neno. Mimi nikikata, umekuwa hakimu."

"Wewe unaukumbuka uso wake," Pembe Nne akasema. "Usinifundishe habari za kukatwa."

Mheshimiwa akainamisha kichwa. "Basi, yaishe," akasema, akaondoka. Dada mtu akaamini yamekwisha.

Lakini neno la kaka lilikuwa limemchoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Alipokuwa akimpa mama dawa zake akaona hawezi kulimeza tena.

"Mama, kwa nini ulimkata Baba?"

Mama hakupepesa macho. "Kwa sababu alijikata mwenyewe kwanza. Mimi nilifuata mstari tu. Na picha ile ikirudi nzima kesho, nitautafuta mkasi."

"Na mkono? Mkono uliuacha wa nini?"

"Ulikuwa umekushika wewe. Ningeukata, ungeonekana unaanguka."

Pembe Nne alikaa na kijiko mkononi. Miaka yote aliyoutazama mkono ule, alidhani mkasi wa mama ulikosea.

"Ungeniachia na uso, Mama," akasema. "Mimi sikugombana naye."

"Labda," mama akasema. "Sikukuachia." Akanywa dawa yake, akakunja uso kwa uchungu wake, au kwa uchungu mwingine. Kisha akaongeza, "Lakini huyu Msusi hakujikata. Huyu alikuwa ananigeuza kitandani. Mwambie kaka yako mkasi una adabu zake."

Hakupata nafasi ya kumwambia. Siku ya kufungua nyumba mpya walikwenda wote, mama amevaa gauni lake la kijani na kushika fimbo ambayo aliapa haihitaji. Sebule ilinukia rangi. Wageni walikuwa wengi, mafundi wa Mheshimiwa, majirani, wafanyakazi wenza wa mke wake. Kwenye ukuta unaotazamana na mlango kitu kikubwa kimefunikwa shuka. Mheshimiwa akasimama, akasema anapenda kusema, akasema, na hatimaye akavuta shuka.

Alikuwa amekwenda studio nyingine. Huko hawakuwa na maswali. Walimkata Msusi, wakapaka rangi ya anga pale alipokuwa, wakamwachia mama bega lake na mkono wake ili asionekane kilema. Ila mkono wa mama ulikuwa umeshika kitu, na kitu hicho hawakukiweza. Vidole vitatu vyeusi na meno ya chanuo vilichomoza katikati ya anga, juu ya bega la mama, vikubwa kuliko vidole vya mtu yeyote aliyekuwamo humo ndani. Na mama, mrefu kutoka meza hadi dari, alikuwa anaviangulia kicheko vile vidole.

Wageni wakapiga makofi, kisha makofi yakafifia moja moja. Jirani mmoja mwenye kinywa kipana akauliza, "Huo mkono wa nani?" Mwingine akasema, "Mama anamcheka nani huyo?" Mke mpya wa Mheshimiwa alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Aliangalia vile vidole, akaangalia mume wake, na hakuliweka sinia chini.

Mama akajikongoja mpaka ukutani. Akainua fimbo yake, akaigusisha kwenye chanuo.

"Huyu ni mkamwana wangu," akawaambia wageni wote, kwa sauti ya mtu aliyekula chumvi nyingi na haogopi tena kiungulia. "Alikuwa ananichana. Sasa mmemficha wapi? Au ndio mnataka watu waone nimepata wazimu uzeeni, nacheka na hewa?"

"Mama, tafadhali," Mheshimiwa akasema.

"Tafadhali ni wewe. Nyumba nzuri, mwanangu, hongera. Lakini mimi sikai ukutani nusu. Nirudisheni nyumbani."

Akarudishwa. Nyuma yao shuka lilipandishwa tena juu ya picha, na vikombe vikagawiwa kimya kimya.

Kesho yake asubuhi Pembe Nne alishusha kila kitu dirishani. Maharusi, mapacha, mwalimu mstaafu na baiskeli yake, wote akawaweka kando. Akaitoa ile picha nzima, kubwa kadiri mashine yake ilivyoweza, akaitundika peke yake. Kabla ya kufanya hivyo alikuwa amekwenda saluni kuuliza, maana yeye hamtundiki mtu bila ruhusa. Msusi alikuwa anamsuka mteja. Mikono yake iliendelea na kazi.

"Mimi sipendi ugomvi," akasema. "Utaniweka dirishani kama sabuni?"

"Kama hutaki, siweki."

Msusi akafunga msuko wa mwisho. "Iweke. Nilikuwepo."

Barabara ile ndiyo njia ya Mheshimiwa kwenda kwenye majengo yake. Simu ililia kabla ya chai.

"Ningependa kusema kwamba unanidhalilisha mbele ya mji mzima."

"Picha haina tusi hata moja, Kaka. Ina mama yako anacheka."

"Itoe."

"Ukuta ni wako, ulifanya ulivyotaka. Dirisha ni langu." Akakata simu, na haikuwa rahisi, maana alimpenda kaka yake. Huyo ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Lakini picha hakuitoa. Akapitisha siku hiyo na nyinginezo akiangalia mgongo wa fremu kutoka ndani, akisikia watu nje wakisimama na kucheka bila kujua wanachekea nini. Mheshimiwa akaanza kupita njia ya nyuma, ile ya matope.

Kisha mchana mmoja gari likasimama nje. Akashuka wifi mpya, mke wa Mheshimiwa, katika nguo zake za ofisini, akazunguka upande wa pili kumsaidia mama kushuka. Pembe Nne akainuka nyuma ya kaunta. Vita vimekuja, akawaza, tena vimekuja na mama kama ngao.

Wifi hakuingia moja kwa moja. Alisimama mbele ya dirisha, akaitazama picha kwa utulivu, kutoka kona hadi kona, chanuo, mkono, uso wa mwanamke aliyekaa nyumbani kwake kabla yake. Ndipo akaingia, akaweka mkoba kwenye kaunta.

"Wifi, kaka yako alisema ni kwa ajili yangu. Kwamba eti nitaona vibaya, napita hapo kila asubuhi. Hukuniuliza wewe, hakuniuliza yeye. Hakuna aliyeniuliza."

"Ni kweli," Pembe Nne akasema. "Sikukuuliza. Nisamehe."

"Ningeulizwa, ningesema simtaki ukutani. Sikudanganyi. Mimi si malaika." Akavuta pumzi. "Lakini nimekaa na vile vidole. Shuka nililitoa, nikawa nakunywa chai navyo. Mwanamke amemuuguza mama wa mtu mpaka amesimama, na kilichobaki ni kucha. Nikajiuliza, mimi je? Siku nikimuudhi, atabakiza nini changu? Goti?"

Mama, aliyekuwa ameketi kwenye stuli isiyozunguka, akakohoa kuficha kitu.

"Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," wifi akasema. "Mimi nimekuja kutia maji. Ile ya dirishani nitolee nakala, nzima. Naitundika mimi, kwa mkono wangu. Anayepita hapo kila asubuhi ni nani? Si mimi? Basi. Na sasa nipige na mimi, na Mama. Nipige picha isiyo na pa kukatia."

Pembe Nne alikuwa amepiga watu maisha yake yote, na agizo hilo hakuwahi kulipata. Akavuta pazia la buluu, akawasha taa. Kwa mazoea akarudi nyuma hatua zake, kuacha hewa, kuacha akiba. Akachungulia. Mama katikati, wifi kando, nafasi tele kila upande.

"Hapo nakukata kwa kipanya kimoja," akasema. "Sogea."

Wifi akasogea, bega kwa bega.

"Bado. Hapo unabakia sikio."

Wifi akavua viatu vyake vya ofisini. Akapita nyuma ya mama, akapiga magoti, akaingiza mikono yake yote miwili chini ya mikono ya mama na kumkumbatia kifuani, vidole vikapishana mbele, shavu likagandamana na shavu. "Na hapa?" akauliza kutoka ndani ya shingo ya mama. "Atatutenganishia wapi hapa? Labda atumie msumeno!"

Mama akajaribu kuvumilia. Akabana midomo, mabega yakaanza kutikisika, kisha akashindwa. Kichwa kikarudi nyuma na mapengo yote yakatoka nje, yaleyale. Pembe Nne akaacha hatua zake za nyuma, akaenda mbele, mbele kabisa, mpaka hakukubaki hewa wala pazia wala akiba, ila nyuso mbili na mikono minne, na hapo akapiga.

Wakakusanyika wote watatu kwenye kompyuta. Akatoa nakala, akashika kipanya, akajaribu kwa dhati, kama ambavyo adui angejaribu. Akivuta kushoto, shavu la mama linakwenda na pua ya wifi. Akivuta kulia, ni hivyo hivyo. Akipanda kutoka chini, anakata vidole ambavyo hakuna anayejua tena kipi ni cha nani. Akazunguka pembe zote nne, akarudi alipoanzia.

"Haikatiki," akasema.

Mama akafuta machozi kwa ncha ya gauni. "Hebu mpigie simu huyo mwanangu," akasema. "Mwambie aje ajaribu."